Pejo ya Masafu

Pejo kuukuu, teksi ya kijijini Masafu, ilikuwa ikielekea mji wa mpakani wa Busia, na abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishana kuihusu. "Mzee, gari za siku hizi unabonyeza tu, inawaka," alisema Rasto, mchuuzi kutoka upande wa Kenya. "Na ikikataa?" akauliza mzee Isaac. "Hii yetu tunasukuma, inaenda." Rasto akacheka.

Benedeta, aliyekaa nyuma yao na mtoto wake mapajani, hakucheka. Siku uchungu wa kuzaa ulipomshika, gari jipya la shemeji yake, lenye skrini kubwa kuliko televisheni, liliishiwa betri, na kulisukuma hakukusaidia kitu. Majirani wakaisukuma Pejo hii ikawaka, ikamfikisha hospitalini.

Karibu na soko, Pejo ikazima. Rasto alikuwa bado anabisha. Benedeta akampa Rasto mtoto ampakate, akawa wa kwanza kushuka kusukuma.