Zenobia Aliyesahau Tarehe

Wasikilizaji wapendwa, poleni na mvua. Leo ni Desemba ishirini na tisa. Mama Zenobia Arancibia, mhariri wa gazeti letu la El Vado, hatunaye tena. Alifariki juzi jioni. Narudia: juzi. Kwa nini mnasikia leo tu, nitawaeleza. Nivumilieni, maana hata sauti yangu imechoka.

Zenobia alikuwa mwandishi, mhariri na mchapaji wa El Vado, yote peke yake. Waliokuja kujifunza kazi aliwakalisha jikoni, akawamiminia api, ule uji wetu wa mahindi, ya moto, akawaambia kwamba habari hujibu maswali matano: nani, nini, wapi, lini, kwa nini.

"Kichwa cha habari bila habari ni kelele," alisema. "Kelele kapige sokoni."

Lakini mizaha aliipenda. Hapa kwetu Desemba ishirini na nane ni siku ya kudanganyana, na gazeti lisilodanganya siku hiyo huonekana linaringa. Mwaka mmoja aliandika ukurasa wa mbele kwamba daraja la mto Sauzal limeuzwa Ajentina. Watu walikwenda kuliaga. Tulicheka mpaka Mwaka Mpya.

Mwaka uliofuata, siku mbili baada ya Krismasi, fundi mwashi alimwita chini ya daraja lile lile. Nguzo ilikuwa imepasuka. Zenobia aliingiza mkono kwenye ufa, ukazama mpaka kiwiko. Ofisi za mji zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Alichokuwa nacho ni gazeti tu. Akarudi mbio, akaandika, akachapa: DARAJA LIMEPASUKA, MSIPITE.

Gazeti likatoka asubuhi. Asubuhi ya Desemba ishirini na nane.

Binti yake, Nieves, anakumbuka. "Tulisikia vicheko sokoni. Mama akaniuliza, 'Leo tarehe ngapi?' Nilipomwambia, alilitupa gazeti mezani. Halafu akatoka mbio bila viatu."

Alisimama katikati ya barabara ya darajani, akatanua mikono. Madereva wengine waligeuza, kumridhisha tu. Kisha likaja lori la maziwa la Anselmo Cuéllar, baba wa ubatizo wa Nieves.

"Mama Nieves! Mwaka jana uliliuza, mwaka huu unalivunja? Siingii mkenge mara mbili!"

"Anselmo, nakuomba, shuka! Shuka ulione mwenyewe!"

"Eti na machozi! Mwanamke huyu anajua kuigiza!"

Akamkwepa, akapiga honi, akapita. Nguzo haikumngoja afike ng'ambo. Tulimzika Anselmo kabla ya mwaka kuisha.

Hakuna aliyemlaumu Zenobia, na hilo ndilo lililomchosha. Ukurasa wa mizaha haukutoka tena. Gazeti liliendelea, lakini yeye alizeeka ghafla. Wakiosha vyombo, alikuwa akimwambia Nieves, "Nilijibu yote, mwanangu. Nani, nini, wapi, kwa nini. Lini ndiyo niliyoisahau." Akasema hivyo miaka na miaka, mpaka Nieves akaacha kumjibu.

Juzi, kitandani, alimshika binti yake mkono.

"Tanzia yangu msiitoe kesho. Watadhani ni mzaha, watacheka huku wanatafuna mkate. Acheni siku hiyo ipite."

"Na mazishi, Mama?"

"Yasubiri. Kwani maiti ana haraka gani?"

Nieves alilia huku anacheka. Ndiyo maana jana tulinyamaza, wasikilizaji wapendwa. Jana tulinyamaza kwa sababu alituomba.

Pole sana, Nieves. Poleni nyumba ya Cuéllar, mnaoumia upya leo. Na sisi tuliobaki, tuliolisoma gazeti lile tukacheka, tutafakari tunapokwenda kumzika. Mazishi ni alasiri hii, ng'ambo ya mto. Tutapita daraja jipya kwa miguu.

El Vado limetoka asubuhi hii. Kichwa cha habari alikichagua mwenyewe: NIMEKUFA. ANGALIENI TAREHE.