Melkizedeki Samweli Kingu, Mwalimu wa Sheria za Mataifa, na Lambo la Ulemo

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, kabla ya yote Zefania, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kijiji hiki, ambaye ndiye anayewasomea, anaungama mbele ya jeneza hili kwamba mafundisho ya kaka yake aliyageuza fimbo ya kuwachapia wakwe wa kaka yake, na marehemu amekufa jambo hilo likimuuma.

Marehemu Melkizedeki alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa hapa Ulemo, mtoto wa kwanza wa mzee Samweli Kingu na mama Marietha, akasoma hapa, kisha Kinampanda, kisha Tabora, na mwaka 1962 akaenda Dar es Salaam kusomea sheria, ambako mwaka 1967 aliajiriwa kufundisha sheria za mataifa.

Zefania aliishia darasa la nne, ila marehemu alimweleza hivi, kwamba wapo wasomi wanaosema sheria hiyo ni moja tangu zamani, nchi ikipata uhuru inarithi mikataba yote kama mtoto arithivyo shamba na mipaka yake, na wapo wanaosema historia yake ni ya Wazungu waliokaa mezani kugawana Afrika, Mwafrika hayupo, basi taifa jipya lichague la kushika na la kuacha. Marehemu alikuwa na hawa wa pili, ila wanafunzi wake, walioona sheria yote ni ya mabepari, wakamtania, "Mwalimu, wewe unachambua chuya kwenye mchele, sisi tunamwaga sufuria," naye akacheka sana.

Tarehe 17 Desemba 1966 alimwoa Dorika, binti wa mzee Paskali wa Sekenke, wakajaliwa Yustina na Gabrieli.

Mwaka 1974, watu walipohamia kijiji cha ujamaa, Zefania aliwatangazia wakwe kwamba lambo sasa ni la kijiji kipya, na yale mapatano ya mwaka wa ukame, 1949, ng'ombe wa Sekenke wanywe hapa kiangazi na wa Ulemo walishwe kwenye mbuga yao, ni mambo ya ukoloni, yamekufa, tena akajigamba kuwa hiyo ndiyo sheria ya kaka yake, na mzee Paskali akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

Marehemu alipokuja likizo Agosti 1975, figo tayari zikimsumbua, Zefania alimpa habari hizo akitegemea sifa, kaka akamwambia, "Mdogo wangu, umenisikia nusu. Mimi naikataa meza ambayo hatukuwapo. Kwenye lambo alikaa baba, akakaa mzee Paskali, wakala mbuzi mmoja. Hapo mkoloni yuko wapi?" Zefania, kwa kiburi, akajibu, "Kaka, vitabu viache Dar es Salaam, huku kuna halmashauri ya kijiji."

Marehemu alilazwa Novemba, akarudishwa nyumbani Aprili, na tarehe 21 Mei 1976 alfajiri Bwana akamchukua, siku moja baada ya kumuuliza Zefania kama ng'ombe wa mkwewe wamekunywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliosafiri mbali hivi, majirani waliochimba kaburi kwenye ardhi ngumu, na mzee Paskali aliyefika wa kwanza bila kuitwa. Kaka, lala kwa amani mikononi mwa Bwana.

Wajumbe wa halmashauri, kiangazi kimeanza, Zefania peke yake hana uwezo wa kulifungua lambo, anawaomba tukitoka makaburini mkae na mzee Paskali, mruhusu ng'ombe wake wanywe.