Kitabu Kwanza, Spana Baadaye: Kumuaga Obbo Tolosa Gammachu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya ushirika wetu, Obbo (Bwana) Tolosa Gammachu anastaafu tarehe 30 Novemba, mavuno ya ngano yakiwa mlangoni na kombaini yetu, mashine ya kuvunia, ikizidi kuzeeka. Tuseme ukweli: tunaogopa.

Aliajiriwa kuosha vipuri, akawa fundi, hatimaye mkuu wa mafundi. Ana sauti kubwa, anapenda kusifiwa, na kahawa yake lazima iwe na siagi. Kitu pekee asichokifanyia mzaha ni mwongozo wa ukarabati wa kombaini ile, alioununua kwa fedha zake katika soko la vitabu vikuukuu Addis Ababa. Tulimcheka. Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa zamani, naye ananunua karatasi!

Kicheko kiliisha mwaka ule mvua ilipotuvamia katikati ya mavuno. Tulikuwa shambani kwa Aadde (Bibi) Lensa, mjane ambaye ngano ile ndiyo ilikuwa chakula cha wanawe mwaka mzima. Klachi ya usalama ikaanza kunguruma na kuteleza. Obbo Tolosa akaikaza kwa mazoea, mnyororo ukakatika. Tukafunga mwingine, wa mwisho tuliokuwa nao. Klachi ikanguruma tena. Na kitabu? Tulikuwa tumewaazimisha wenzetu wa ng'ambo ya bonde.

Mawingu yalishafunika mlima. Majirani waliokuja kwa daboo, kazi yetu ya kusaidiana, walisimama na miundu mikononi, lakini shamba lile lilikuwa kubwa mno kwao.

"Kaza tu, mzee!" Feyisa, fundi msaidizi, alifoka. "Mashine hii unaijua kuliko mkeo!"

"Mke wangu nikimkosea husamehe. Mnyororo huu hausamehe. Leteni kitabu!"

"Obbo Tolosa," Aadde Lensa alisema, "wanangu watakula kitabu?"

Obbo Tolosa alimtuma mpanda farasi, akaketi juu ya gurudumu, spana mapajani. Ngurumo zilisogea. Wengi wetu tulimchukia saa ile.

Farasi alirudi akitokwa povu. Kitabu kilisema klachi imeundwa iteleze mzigo ukizidi, ili mnyororo usikatike. Ikinguruma, usikaze, tafuta kilichokwama. Mchoro ulionyesha kifuniko kidogo nyuma ya gurudumu ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Ndani, mabua mabichi yalikuwa yamejisokota kwenye mhimili kama kamba. Tuliyakata, tukailegeza springi hadi kipimo kilichoandikwa, mashine ikala ngano.

Gunia la mwisho lilifunikwa turubai matone yakianza kudondoka. Aadde Lensa alilia, akamtukana kidogo, kisha akammiminia kahawa.

Tangu siku ile kitabu hakiazimishwi. Anayekihitaji huja kukisoma karakanani. Sasa Obbo Tolosa ametuachia kiwe chetu, na Aadde Lensa amekishonea jalada la ngozi ya ng'ombe.

Juma lililopita tulipoijaribu kombaini, klachi ilinguruma. Obbo Tolosa alikunja mikono. Feyisa, anayerithi nafasi yake, aliipita spana iliyokuwa mbele yake, akaenda kukifungua kitabu. Obbo Tolosa akageuka, akaenda kunywa kahawa yake.

Asante, Obbo Tolosa. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na siagi isipungue kikombeni mwako. Ukisikia ngurumo wakati wa mavuno, lala tu.