Chupa Iliyompasukia Emiliana

Asubuhi ile kijiweni kwetu, Mbinga mjini kando ya fundi viatu, kahawa ilinywewa kwa hasira. Emiliana, binti kutoka kijiji cha Mbuji anayefanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa mifugo, alikuwa amelazwa na homa ileile inayowafanya ng'ombe watupe mimba. Chupa ya vimelea vya homa hiyo ilimpasukia mkononi, akafuta meza, akanyamaza. Hospitali wakamtibu malaria wiki nzima bila mafanikio. Aliposema ukweli alikuwa hawezi hata kukaa, na mkuu wake akawatangazia wenzake kwamba ni mzembe.

— Mzembe! Methodi, tunayemwita Profesa, akapiga benchi ngumi. Kabati la kuvuta hewa chafu limekufa tangu masika, glavu wanafua wanavaa tena. Mzembe nani hapo?

— Ndiyo maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, akadakia Zabron. Tunamwita Breki kwa sababu hana.

— Hiyo ni ya zawadi, we Breki! Profesa akamkemea. Sisi tunaongelea glavu!

— Basi karogwa. Kuna mtu anakitaka kiti chake.

— Karogwa wapi! Huo ugonjwa wanaufuga pale maabara makusudi. Ng'ombe wetu wakiisha, watuletee wa kwao!

— Na ukitiririka na mto hadi ziwani, dagaa wote kwisha!

— Dagaa naye ana mimba ya kutupa? Winifrida, mwenye birika, akawakata. Mnabwata tu. Mwaka jana mwenzake Adrian alivunja chupa pale pale, akaenda kusema. Wakamfanyaje? Wakamtukana mbele ya wenzake, wakamtupa getini kufungulia magari. Emiliana alikuwepo, aliona. Mngekuwa nyie mngesema?

Kabla hatujajibu, mama mmoja aliyebeba chupa ya uji akasimama mbele yetu. Alikuwa Tadea, mama yake Emiliana, anatoka wodini.

— Shikamoo, mama. Mgonjwa?

— Marahaba. Dawa yake wameipata, daktari anasema atapona. Nilipita kazini kwake kumchukulia kanga. Dirishani nikaona wameshaweka binti mwingine, mdogo kuliko wangu, glavu imetoboka kidole. Akatutazama, sauti haipandi. Wanangu, yule naye chupa ikimpasukia, amwambie nani?

Profesa akasogea kwenye benchi, akampa nafasi akae. Hasira tulikuwa nazo tele, ila jina la kumtajia yule mama hatukuwa nalo.