Mlango Alioufunga Zohara

Wasikilizaji wapendwa, leo nina mzigo kifuani, mnivumilie. Freha Elkayam hayupo tena. Freha wa birika la utakaso la Wayahudi, hapa kwetu Yeruham, alifariki Jumanne akiwa na miaka sabini na minane. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Ni wake wachache wa mji huu ambao Freha hakuwaona wakizama birikani kujitakasa, kabla ya harusi na kila mwezi baadaye. Alisimama ukingoni, taulo begani, akihakikisha maji yamewafunika kabisa, hata unywele mmoja usielee. Kisha alipaza sauti: "Kasher!" Yaani, imefaa. Bibi harusi akitetemeka, Freha alimtania: "Zama, mwanangu! Hicho kidole umekiacha nje kimpungie nani?"

Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Ya pili haikuwa na utani. Kwa miaka arobaini Freha aliwaosha wanawake waliofariki. Aliwaosha pamoja na Zohara Dadon, ambaye Freha mwenyewe alimfundisha kazi hiyo. Mnajua yanavyomiminwa yale maji ya mwisho: ndoo ya pili ianze kabla ya kwanza kuisha. Mkondo ukikatika, mnarudia.

Sasa sikilizeni. Miaka kumi na tisa iliyopita, binti wa Freha, Ilanit, alikuwa amebakiza wiki tatu aolewe. Siku yake ya kuzama kwa mara ya kwanza ilikwisha kupangwa, na mama ndiye angesimama ukingoni. Lori likaligonga gari la Ilanit kwenye barabara ya Beer Sheva. Akafa palepale.

Freha alifika chumba cha kuoshea na ndoo yake. Zohara alikuwa amesimama mlangoni.

Sheria yetu mnaijua. Aliyekufa kwa jeraha, damu yake ikalowa nguoni, haoshwi. Anazikwa na nguo zake na damu yake, sanda juu.

"Dada Freha, haiwezekani. Ana damu mwili mzima."

"Nipishe, Zohara."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha!"

"Nilikufundisha kwa watoto wa watu. Huyu ni wangu. Hajawahi kuzama hata mara moja. Ndoo moja tu, Zohara. Moja!"

Zohara akaufunga mlango. Akauegemea kwa ndani, analia, Freha anaupiga ngumi kwa nje. Ilanit alizikwa bila kuguswa na tone la maji.

Tangu siku hiyo Freha hakumsemesha Zohara. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Wala kazi hakuiacha. Wanawake hao wawili waliendelea kuosha kwenye meza moja, kimya. Zohara akiinamisha ndoo yake, ya Freha iko tayari. Mkondo haukukatika hata siku moja. Mimi hilo linanitisha kuliko ugomvi wowote.

Mwana wa Freha, Avner, ameniambia hivi: "Nilimsihi, 'Mama, Zohara alifuata sheria tu.' Akanijibu, 'Najua. Angekuwa amekosea, ningekwisha kumsamehe. Hakukosea. Sasa nimsamehe nini?'"

Jumanne, Zohara alimwosha Freha. Ndoo ya pili aliishika mwanamke mwingine. Mkondo ukakatika. Wakarudia, ukakatika tena. Mara ya tatu ndipo maji yalipokubali.

Tukimaliza kuosha, humwita marehemu kwa jina na kumwomba radhi, tusije tukawa tumemvunjia heshima. Jana nilimtembelea Zohara. Alinisimulia akiangalia mikono yake.

"Nilisema kama desturi, 'Freha binti Masuda, utusamehe.' Wenzangu wakatoka. Nikabaki naye. Nikamwambia, 'Freha, ule mlango...' Nikakwama. Kwa sababu hata leo ningeufunga. Sasa msamaha ningeuombaje?"

Swali hilo nimekuja nalo hadi hapa studioni.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu amfikirie mtu ambaye amemnyima sauti yake. Labda alikukosea. Labda hakukukosea, na hilo ndilo linalokuuma. Msemeshe angali anasikia.

Avner na familia nzima ya Elkayam, poleni sana. Mungu awafariji. Nyumba yao imejaa watu tangu juzi, na hivyo ndivyo inavyopasa. Zohara naye si ndugu, kwa hiyo sheria haimpi kiti cha msiba, na hakuna aliyempelekea hata chai. Anakaa nyumba ya nyuma ya birika, peke yake. Nendeni mkakae naye.