Ordinateri Niliyoibeba Mugongoni

Siku ile nilivuta waya ya ordinateri kwenye ukuta, nikaifunga ile kompyuta mugongoni na kitenge, pale mutoto wangu hulala. Mutoto mwenyewe nikamubeba mbele. Akalia, maana chuma kilikuwa kimemunyang'anya nafasi yake. Nikamuambia alie tu, hata mama yake iko nalia, lakini tunaenda.

Mama zangu, ndugu zangu, nyinyi mulioshuka kutoka Nyamitaba kuja kwenye mukutano huu, na nyinyi mama wa Walikale muliolala njiani, niruhusuni niseme bila kupaka asali. Jina la muntu sitataja. Mwenye kujijua atajijua.

Kilichonimaliza ni simu. Fromaji zetu, zile jibini tunazopika na maziwa, zilikuwa zimepangwa kwenye mbao, zimekauka vizuri, na mununuzi wa Goma alikuwa anakuja kesho yake. Yeye hachukui fromaji bila etiketi, karatasi inayosema: maziwa ilitoka kwa nani, ilipimwa namna gani, ilipikwa siku gani. Etiketi inatoka kwenye ordinateri, na ordinateri ilikuwa imejifunga. Kwenye kioo cha ekra kulikuwa maneno kwamba ruhusa imekwisha, basi. Nikamupigia yule bwana aliyetuuzia programu. Akanijibu polepole, kama muntu anayefundisha mutoto kuvaa viatu.

"Mama, nilikwisha kukuambia. Machine yenu iko na chipi ya bei chini. Programu yangu inataka chipi ya ile kampuni ingine, ile ya kweli. Nunueni machine zangu, ao murudilie kuandika na makala ya moto kwenye ukuta."

Makala. Miye niliyemaliza sekondari nikikimbia vita, madaftari yamefichwa ndani ya nguo. Nikakata simu. Njo pale nilivuta waya.

Lakini nirudi nyuma kidogo, ili musione kama nilikasirika bure. Nyumba yetu ya maziwa tuliianzisha tulipotoka kambini ya wakimbizi. Wengine walirudi na ng'ombe moja, wengine hawakurudi na kitu, shamba tu na mikono. Tukasema sawa, wenye ng'ombe wakamue, wenye mikono wapike, fromaji iwe ya wote. Hakuna aliyeamini kama wafugaji na walimaji watakaa kwenye sufuria moja. Tulikaa. Watoto wakaanza kusoma. Nikachaguliwa sekretere, mwenye kuandika hesabu, na mutoto wangu akazaliwa nikiwa kwenye kazi hiyo.

Halafu bwana akakuja na shati lake jeupe na programu yenye jina la kampuni yake juu. Siwezi kusema uongo, programu ilikuwa nzuri. Ilifanya kazi kwenye ile ordinateri yetu ya zamani bila shida. Kisha ikaanza kujifunga. Tunalipa, inafunguka. Tunalipa tena, inafunguka kidogo. Mwishowe akasema tatizo ni chipi, ile kipande ndogo ya ndani inayofanya hesabu yote. Eti ya kwetu imetengenezwa na kampuni masikini.

Mama zangu, munajua vile tuko. Mashine ikifa, watu hawaangalii mashine, wanaangalia aliyeigusa. Mama mumoja akaniuliza mbele ya wote kama ninanyonyesha na kubonyeza kwa mukono ule ule. Wakacheka. Hata miye nilicheka, kisha nikaenda kusimama nyuma ya mabidoni ya maziwa mpaka uso ukauke. Wengine wakaanza kusema nyumba ifungwe, kila muntu auzie maziwa yake mwenye pikipiki anayepita, kama zamani. Mununuzi akikosa etiketi safari hii, nyumba yetu ingekuwa imeisha.

Kwa hiyo nikashuka Kirotshe na chuma mugongoni. Pale kuna dada nilisoma naye, iko na farmasi. Nilijua anatumia ordinateri, nikasema labda anajua tekinisieni wa kuitengeneza. Ile kuingia tu, nikasimama. Kwenye ekra yake kulikuwa programu yetu. Rangi ile ile, vibonyezo vile vile. Yeye anaandika dawa, sisi tunaandika fromaji. Jina la bwana tu njo halikuwepo.

"Hii ulinunua kwa nani?"

"Nilinunua? Dada, hii hainunuliwi. Niliichukua."

Nikakaa chini na mutoto. Akanielezea. Kuna watu wengi, hawajuani hata sura, wanaandika programu pamoja na kuiacha wazi. Unaichukua, unaangalia ndani namna ilivyotengenezwa, unaibadilisha, unamupatia mwengine. Lakini iko na sharti: kama umeipokea wazi, utaipitisha wazi. Huwezi kuizungushia lupango, ukuta wa kufungia wengine inje.

Nikamuambia, dada, hiyo iko ng'ombe ya urafiki. Mufugaji anakupa mutamba. Unakunywa maziwa, ni haki yako. Ikizaa, unamupatia mwengine mutamba kama vile ulivyopewa. Ukimwambia huyo mwengine alipe kila mwezi, na zizi unafunga kwa ufunguo wako, kwetu hatusalimii muntu kama wewe.

Na chipi? Dada akageuza machine yake, akanionyesha karatasi ya kampuni ya chipi iliyobandikwa chini. Ilikuwa ile ile ya kwetu, ile "masikini". Akacheka. Akasema wenye viwanda vya chipi wanagombana kama wauzaji wa samaki kule Shasha, kila mumoja anaita muteja. Yule aliyebaki nyuma anafungua siri zake, anasema chukueni, andikeni programu zenu, zitafanya kazi kwenye chipi yangu pia. Njo maana programu ya wazi haichagui. Inafanya kazi kwa tajiri, inafanya kazi kwa masikini. Aliyechagua ni bwana, kwa sababu alikuwa na machine za kuuza.

Mama wa Walikale, mawe ya madini yanayoingia ndani ya vyombo hivi yanatoka kwenu, yanapita mbele ya milango yetu juu ya pikipiki. Halafu muntu aniambie chipi haiko ya mama wa maziwa?

Dada alifuta programu ya bwana, akaweka ile ya wazi, akanionyesha kila hatua mpaka nikaifanya mwenyewe. Majina yetu yote, hesabu ya maziwa yote, vilikuwa bado ndani, maana programu ni ile ile. Nilipanda mulima tena, usiku nikatoa etiketi. Asubuhi mununuzi akageuza fromaji, akasoma etiketi, akaiweka kwenye sanduku lake, akachukua ingine. Yule mama aliyenicheka akanishika mukono, akauangalia juu na chini. "Basi mukono wa maziwa njo umeponya machine," akasema. Na miye nikacheka, safari hii kweli.

Bwana akapiga simu, eti tumevunja programu yake. Nikamuuliza imekuwa yake tangu lini. Akakata.

Namushukuru dada wa Kirotshe, ambaye hakuomba kitu ila nifundishe mwengine. Nimekwisha kufundisha vikundi viwili. Nawashukuru mama zangu walionicheka na hawakunifukuza. Na neno langu kwenu ni fupi: muntu akikuambia chombo chako hakifai, kabla ya kulia, kibebe, ukakionyeshe mwengine.

Kisha nilienda kwenye biro ya teritware, kwa wakubwa wa serikali, kushitaki yule bwana. Papa mumoja, muzee wa biro, akauliza, "Sasa ameiba nini? Kitu cha bure kinaibiwa namna gani?" Nikamueleza ng'ombe. Yeye pia iko mutoto wa mufugaji, akachukua muhuri. Hii njo barua niliyoacha pale, nawasomea vile iko:

"Miye, sekretere wa nyumba ya maziwa, ninashitaki bwana aliyetuuzia programu. Alipewa bure na wazi, akaifunga, akaandika jina lake juu. Alitudanganya kwamba chipi yetu haifai, ili tununue machine zake. Hatuombi atuhurumie. Tunaomba vitu vitatu. Aondoe kifungo kwa vikundi vyote alivyouzia. Awapatie maandiko ya ndani ya programu, vile yeye alivyoyapokea. Na akuje kwenye nyumba yetu, asimame mbele ya mama wote, aseme kwa kinywa chake kwamba machine haikuharibiwa na mukono wangu."