Raheli, Aliyewanywesha Uji Kwanza Wenye Wagonjwa

Raheli Leonidas anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1997, baada ya kuuguza watu miaka thelathini na miwili. Wenzake wa wodini walitaka kuandika wao hotuba hii ya kumuaga. Nikasema hapana, kalamu nileteeni mimi Scola wa Mwankoko, niliyemzaa. Nimesoma ngumbaru tu, darasa la watu wazima, lakini mtoto huyu namjua kuliko faili lake.

Alianza akiwa binti mwembamba, kofia ya kiuguzi inamwangukia machoni. Alikaa zahanati kule Sekenke, kisha akapewa wodi ya akina mama hapa mjini. Singida nzima, mwenye mkono mwepesi wa sindano ni yeye. Anayebisha alete wa kwake.

Ila sifa yake kubwa ni bakuli. Wagonjwa wa saratani hulala muda mrefu, na anayewauguza huisha pamoja nao. Siku hizi za biashara huria mama ntilie wamejaa nje ya geti, lakini mwenye mgonjwa mfuko mtupu, na hofu humnyima hamu ya kula. Raheli akaweka sheria yake: uji wa uwele anaanza kunywa mwenye mgonjwa, ndipo mgonjwa.

Simeoni wa Kinyangiri alimleta mkewe Loyce, mwenye saratani ya titi. Bakuli akalikataa.

"Dada, nimekuja kuuguza au kula?"

"Kaka, ukianguka na wewe, nikulaze wodi ya akina mama?"

Wodi nzima ikacheka, hata Loyce, ambaye tangu afike alikuwa anatazama ukuta tu. Simeoni akanywa. Loyce kumwona mumewe anameza, naye akaomba wa kwake. Halafu Raheli akamfukuza Simeoni nje, akaote jua na kuongea na watu habari za ng'ombe.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Baada ya Pasaka nilikutwa na uvimbe titini. Kipande wamekipeleka Dar es Salaam kupimwa, majibu bado. Naogopa, sifichi. Lakini zaidi namhofia Raheli. Ananipikia, ananilisha, mwenyewe anasema amekula kazini. Kumbe kazini nako anawaambia atakula nyumbani! Magauni yanamning'inia.

Jumapili nikafumba mdomo.

"Mama, kijiko kimoja tu."

"Sheria yako ya wodini haifiki hapa? Anza wewe."

Akaguna, akaketi, akala ugali na mlenda huku machozi yanamtoka. Nami nikala.

Wapishi wa sherehe, sahani ya kwanza leo mpeni yeye, kabla ya Mganga Mkuu, atanisamehe. Majibu yakija, mazuri au mabaya, yatukute tumekula, mimi na yeye.

Mwanangu, asante kwa wote uliowashika mkono. Ustaafu wako uwe mrefu na mtamu, na uji wako usipoe tena.